Tenki la Shangazi na Sukari ya Mabibo

Muwa unapita kwenye mashine ya shangazi mara tatu. Mara ya kwanza maji yanamwagika kwenye jagi. Mara ya pili anaukunja na kuubana pamoja na kipande cha tangawizi na nusu ya ndimu. Mara ya tatu mashine inalia tu, na kinachotoka upande wa pili ni makapi meupe yenye nyuzinyuzi, ambayo ukiyashika vidole vinanata. Kunata kule ni sukari. Nyuki wanaijua kuliko sisi: ikifika saa nane mchana wameshajaa kwenye gunia la makapi, kwenye ndoo ya povu, kwenye ndimu zilizokamuliwa, hadi kwenye mtaro unaopita mbele ya banda.

Banda lenyewe liko Mabibo, mwendo mfupi kutoka soko la ndizi ambalo Dar nzima inaliita Mahakama ya Ndizi. Nenda pale jioni, malori ya mikoani yakishashusha mzigo. Utakanyaga utelezi wa ndizi zilizopondeka, utaruka mananasi yaliyooza upande mmoja na mapapai yaliyopasuka njiani yasifike hata mezani. Vyote hivyo ni sukari. Vinazolewa pamoja na mifuko ya plastiki na matambara, vinapelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi. Kule vinafunikwa na taka nyingine, vinakosa hewa, vinaoza, na vinatoa methani inayopanda bure angani. Ukipima kwa kipindi cha miaka 100, methani inayoachwa ipande hivyo hukamata joto kama mara 28 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Na ndiyo gesi hiyohiyo inayosafiri kwa bomba kutoka Songo Songo, Kilwa, tangu 2004 ili kuendesha mitambo ya umeme ya Ubungo, jirani kabisa na hapo Mabibo. Kaboni moja, haidrojeni nne. Tunaichimba Kilwa, tunaitupa Pugu.

Uani kwa shangazi kuna tenki linaloikamata sukari hiyo kabla haijafika dampo na kuigeuza gesi ya kupikia. Ni dogo, halijamaliza shida ya mkaa pale nyumbani, na niliwahi kuliharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Nimekaa muda mrefu nikitaka kuliandika, kwa sababu lilinifanya nielewe jambo ambalo darasani niliwahi kulisoma na kulijibia mtihani bila kulielewa.

Nianze na babu. Baba yake shangazi alikuwa mgema huko Mkuranga, na sisi wajukuu tulipokwenda likizo alikuwa akituwekea kibuyu sikioni tusikilize. Kilikuwa kinachemka bila moto. Asubuhi tembo ni tamu hata mtoto anaweza kuonja, jioni limekuwa kali, siku ya pili limegeuka siki. Yale mapovu tuliyokuwa tukiyasikia ni hewa ya ukaa, na hewa ya ukaa haiwaki. Ukisogeza njiti ya kibiriti kwenye mdomo wa kibuyu inazimika. Hamira ya porini, ile inayoingia kwenye tembo yenyewe bila kualikwa, inaikata molekuli moja ya glukosi, yaani sukari nyepesi, kuwa alkoholi mbili na hewa ya ukaa mbili. Nguvu ya sukari inabaki karibu yote ndani ya alkoholi. Tatizo ni kwamba alkoholi imechanganyika na maji, na kuitoa humo unahitaji kuchemsha na kupoza. Wapika gongo wanajua ni kuni kiasi gani zinateketea kupata chupa moja.

Gesi haina usumbufu huo. Ikishatengenezwa inapanda yenyewe, inaacha maji chini. Unachohitaji ni kifuniko na mpira. Alessandro Volta, yule Mwitaliano ambaye jina lake limo ndani ya neno volti, aliikusanya mwaka 1776 kutoka kwenye matope ya Ziwa Maggiore kwa kuyavuruga kwa fimbo na kukinga mapovu yake, kisha akaiwasha. Ukichoma fimbo kwenye tope zito kando ya mto Msimbazi utaona mapovu ya namna hiyohiyo.

Sasa tofauti ya kibuyu cha babu na tope la Msimbazi ni nani anayemalizia kazi. Kwenye kibuyu hamira inafanya kila kitu peke yake na kusimama. Kwenye tope, au kwenye tenki lisiloingiza hewa, kuna makundi yanayopokezana. La kwanza ni bakteria wanaorukia sukari na kuigeuza kuwa asidi za aina aina, hewa ya ukaa na haidrojeni. Hawa wana kasi ya ajabu, wengine huongezeka maradufu ndani ya saa moja au mbili. Linafuata kundi linalozivunja asidi ndefu ndefu hadi kufikia asidi ya siki, ileile ya kachumbari. Mwisho kabisa wanakuja watengeneza methani, ambao si bakteria hata kidogo. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walionyesha kwamba viumbe hawa ni ukoo mwingine kabisa wa uhai, ukoo ambao leo unaitwa akea. Wanaishi pasipo hewa ya oksijeni, wanakula siki na haidrojeni, wanatoa methani. Na wako taratibu. Baadhi yao huchukua siku kadhaa kuongezeka maradufu.

Kwa nini taratibu? Hapa ndipo nilipokuwa nimesoma bila kuelewa. Glukosi moja ikifika mwisho wa safari ile inakuwa methani tatu na hewa ya ukaa tatu. Piga hesabu ya nguvu: karibu asilimia 95 ya nguvu iliyokuwa kwenye sukari inabaki kwenye methani, inangoja jiko. Makundi yote yale, tangu la kwanza hadi la mwisho, yamegawana asilimia 5 iliyobaki. Ni kama wapishi waliopika pilau la harusi wakaambulia ukoko, tena waugawane. Kiumbe anayeishi kwa ukoko hanenepi na hazai haraka. Lakini ni kwa sababu hiyo hiyo sinia linafika kwa wageni likiwa limejaa. Wangekuwa na haraka wangekuwa wanakula zaidi, na tungebakiwa na kidogo. Utaratibu wao na gesi yetu ni kitu kimoja.

Nilijifunza hilo mwezi wa nne, kwenye masika.

Tenki tulilifunga mwaka mmoja kabla. Nchi yetu ina historia ndefu ya bayogesi, yaani gesi ya vitu vilivyoozeshwa, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita mikononi mwa CAMARTEC ya Arusha, taasisi ya serikali ya zana za kilimo na teknolojia za vijijini, iliyosambaza mitambo ya kuba inayojengwa chini ya ardhi. Mwaka 2009 ulianza mpango wa taifa wa bayogesi ya majumbani, na maelfu ya familia, hasa za wafugaji wa ng'ombe wa ndani, zilipata mitambo hiyo. Ni kazi nzuri. Lakini kuba linataka kinyesi cha ng'ombe wawili au zaidi kila siku, na maji, na uwanja wa kuchimba. Mabibo nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta. Shangazi ana kuku watano.

Kilichotufaa sisi kilitoka Pune, India, kwa Anand Karve na taasisi yake ya ARTI. Hoja yao ilikuwa nyepesi: ng'ombe ameshachukua sehemu nono ya majani, kinyesi ni mabaki ya mabaki, kwa nini usililishe tenki chakula chenyewe, wanga na sukari ambazo bado zina nguvu zake? Kinyesi huhitaji wiki nyingi ndani ya mtambo, ilhali mabaki ya chakula hutoa gesi ndani ya siku moja au mbili. Wakaunda mtambo wa matenki mawili ya plastiki, moja limepinduliwa ndani ya jingine. Mwaka 2006 walipata tuzo ya Ashden kule Uingereza kwa kazi hiyo, na teknolojia ikafika hadi Dar es Salaam.

La shangazi ni la namna hiyo. Chini kuna tenki la lita 1,000, juu limepinduliwa la lita 750 lililokatwa mdomo, nalo huelea: gesi ikiingia linapanda, gesi ikitumika linashuka. Fundi alitoboa matundu mawili, la kulishia na la kutolea maji machafu, akaunga koki na mpira hadi jikoni. Katikati ya mpira tuliweka kipande cha bomba kilichojazwa stilwaya iliyoshika kutu, ile ya kusugulia masufuria, ili inase harufu ya mayai viza isifike kwenye jiko. Tenki liko nje, kwenye hewa, na liendelee kukaa nje; methani ikichanganyika na hewa ndani ya chumba kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15, cheche moja inatosha kulipua.

Tulilianzisha kwa ndoo za kinyesi tulizoomba kwa mzee mmoja wa Makuburi anayefuga ng'ombe wawili, maana watengeneza methani wanaishi tumboni mwa ng'ombe tayari. Tukangoja. Kisha nusu kopo la maganda ya nanasi yaliyopondwa, kisha kopo, na baada ya mwezi na siku chache shangazi akawasha jiko, moto ukakaa, wa bluu, mfupi, wenye sauti ndogo kama ya mtu anayepuliza chai. Aliweka sufuria ya maji. Hakuna aliyesema kitu mpaka yalipochemka.

Kwa miezi iliyofuata kila siku alikuwa akilisha kama kilo mbili: maganda, ndizi zilizoiva kupita kiasi, machicha ya juisi. Makapi ya miwa hapana. Watu wengi hunishauri tuyatie, kwa kuwa ndiyo yaliyo mengi kuliko vyote pale bandani. Lakini sukari iliyo kwenye nyuzi zile imefungwa ndani ya selulosi na lignini, vitu vinavyoupa mmea ugumu wake, na tenki dogo lisilo na mashine ya kusaga litakaa nayo miezi bila kuifungua. Yanaelea tu juu na kuziba. Shangazi huyaanika, akawashia mkaa.

Basi siku hiyo ya masika mvua ilishika tangu alfajiri. Juisi ya miwa haiuziki kwenye mvua. Jioni shangazi alirudi na ndoo nzima ya lita 20 iliyokuwa imekamuliwa kwa oda ambayo mwenyewe hakutokea, na kesho yake mchana ilikuwa imeanza kutoa povu. Hawezi kumuuzia mtu. Akataka kuimwaga.

Nikamzuia. Juisi ya miwa ina sukari kama gramu 130 kwa lita, kwa hiyo ndoo ile ilikuwa na zaidi ya kilo mbili na nusu. Kilo moja ya sukari ya miwa, ikigeuka yote, inatoa lita 390 hivi za methani. Mara mbili na nusu, ni karibu mita moja ya ujazo. Mita moja ya ujazo ya methani kwa ndoo ya kutupwa! Nilimwonyesha shangazi hesabu kwenye simu. Akauliza, "Mwanangu, tunalilisha kopo kila siku, leo ndoo nzima?" Nikamwambia sukari ya maji ni laini kuliko maganda, haina hata cha kumeng'enya. Nikaimimina yote. Naikumbuka ilivyokuwa inazama kwenye lile tundu ikitoa sauti ya kumezwa.

Hesabu ilikuwa sahihi. Na niliyomwambia ya ulaini yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyotuponza.

Alfajiri tenki la juu lilikuwa limepanda kuliko siku yoyote. Nilimwita shangazi aje aone, akaja na khanga begani, akaligusa kwa kiganja, likayumba. "Limeshiba hili," akasema. Tukaingia jikoni. Nikafungua koki, nikasogeza njiti. Ikatoka puf, ulimi wa moto usio na rangi ukaruka na kuzimika. Njiti ya pili ikazimika kabla haijafika kwenye jiko, kana kwamba kuna mtu ameipuliza. Nilimaliza nusu ya kibiriti. Tenki zima lilikuwa limejaa hewa ya ukaa na haidrojeni kidogo. Kilikuwa kibuyu cha babu, cha lita 750.

Nilipokwenda kwenye tundu la kutolea maji nikakuta harufu ambayo sikuwahi kuikuta pale. Haikuwa ya mayai viza wala ya samadi. Ilikuwa ya maziwa aliyocheua mtoto mchanga, kali, inayokaa puani. Hiyo ni asidi. Karatasi ya kupimia asidi, ambayo 7 ni katikati na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi, ilikuwa ikisoma 7 kila wiki; siku hiyo ilisoma 5. Wale wenye kasi walikuwa wameirukia sukari usiku ule na kutema asidi kwa saa chache, na watengeneza methani, ambao hawafanyi kazi vizuri nje ya kiwango cha kama 6.8 hadi 7.5, hawakuwa na idadi ya kuipokea wala muda wa kuongezeka. Asidi ikawaganda. Wakanyamaza. Na kila saa waliyonyamaza, asidi iliongezeka.

Nilikwenda Makuburi nikiwa nimebeba ndoo tupu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umerudi kwa kinyesi?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Ng'ombe asiyezoea, ukimpa molasi ndoo nzima, anakuwaje?"

"Anavimba tumbo."

"Anaacha kula, analala, na usipowahi anakufa. Sasa wewe ulidhani lile ni tenki?"

Alinijazia ndoo mbili, moto moto. Sikumlipa, alikataa. Nimesoma baadaye vitabu vya mifugo na vya mitambo ya bayogesi, na kwa kweli ugonjwa wa ng'ombe aliyezidishiwa wanga au molasi na ugonjwa wa tenki lililozidishiwa sukari ni mmoja: asidi imeikimbia hatua inayofuata. Mzee hakuhitaji vitabu.

Tulitoa ndoo kumi za maji yaliyochachuka, tukarudishia maji safi na kinyesi kilichokorogwa. Shangazi akaleta magadi, yale anayotia kwenye maharage magumu, tukayayeyusha na kuyamimina kidogo kidogo, kikombe asubuhi na kikombe jioni, tukipima kila mara kwa karatasi. Magadi yanaua asidi, ila ukizidisha chumvi yake nayo inawadhuru walewale unaotaka kuwaokoa. Hatukulilisha chochote. Kulinyima chakula kulimuuma shangazi kuliko mimi; kila jioni alikuwa akipita na maganda mkononi, analitazama tenki, anayarudisha. Kwa siku kumi na tisa alipikia mkaa, na mkaa ule niliununua mimi. Siku ya ishirini njiti ilishika.

Tangu hapo kuna daftari jikoni, linaning'inia kwenye msumari. Tarehe, makopo, kilichomo, karatasi imesoma ngapi, dakika za moto. Anaandika mwenyewe. Juisi iliyolala haimwagwi tena, ila inaingia kwa glasi, si kwa ndoo, na inagawanywa siku nane au tisa. Katika majira ya embe, Desemba, alipandisha kipimo polepole kwa wiki tatu na tenki likakubali, kwa sababu watengeneza methani walipata muda wa kuzaana. Joto la Dar nalo linasaidia. Viumbe hawa hupenda nyuzi joto 35 hadi 37, na uani Mabibo tenki jeusi juani haliko mbali na hapo, tofauti na ndugu zetu wa Njombe ambao usiku wa Julai tenki la juu ya ardhi lingewapoa.

Watu walionizidi elimu wanatafuta njia za kukwepa wale wenye mwendo wa taratibu. Wako wanaosimamisha kazi kwenye haidrojeni, kwa kuwaua makusudi watengeneza methani. Ila glukosi moja kwa njia hiyo inatoa haidrojeni zisizozidi nne, kwa kawaida pungufu yake, na zaidi ya nusu ya nguvu ya sukari inabaki kwenye asidi. Mwaka 2014 watafiti wa Imperial College London na Chuo Kikuu cha Turku, Finland, walibadilisha vinasaba vya bakteria E. coli wakapata propani, gesi iliyomo kwenye mitungi yetu, ingawa kwa kiasi kidogo mno. Nilipoisoma habari hiyo nilitoka nje nikautazama mtungi wa jirani kwa macho mengine. Na kampuni ya Kifaransa, Global Bioenergies, iliwafundisha bakteria kugeuza sukari kuwa isobuteni, gesi ambayo nayo hutoka yenyewe kwenye tenki. Walijenga mtambo wa majaribio Leuna, Ujerumani. Lengo lilianza na mafuta ya magari na ndege. Baadaye walielekea kwenye vipodozi, kwa kuwa mnunuzi wa wanja hulipa bei ambayo mnunuzi wa petroli halipi.

Hapo kwenye bei ndipo pana msimamo wangu, na nausema wazi. Mtungi mdogo wa kilo 6, ule ulioko kwenye nyumba nyingi za Dar, una nguvu sawa na methani ya kama kilo 20 za sukari, tena isipopotea hata chembe. Nunua kilo 20 za sukari dukani uone. Utalipa zaidi ya mara mbili ya kujaza mtungi. Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika, kilo ikapita shilingi 4,000, watu wakapanga foleni. Sitaki kuona shamba la miwa linalolimwa kwa ajili ya moto katika nchi inayopanga foleni ya sukari ya chai. Tulishakaribia huko: miaka ya 2000 kampuni ya SEKAB ya Sweden ilikuja na mipango mikubwa ya miwa ya ethanoli Bagamoyo na Rufiji, ikajiondoa 2009, na ardhi iliyoachwa ikabaki na maswali kwa muda mrefu.

Sukari ninayoitetea ni ile ambayo imeshalimwa, imeshasafirishwa kutoka Rungwe au Muheza, imeshalipiwa ushuru wa soko, na imeoza saa tano kabla ya kuuzwa. Haihitaji hata ekari moja. Inahitaji ndoo mbili kwenye kila meza: moja ya kinachooza, moja ya plastiki. Ikishachanganyika na plastiki imekufa, hakuna tenki litakaloipokea. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwezi Mei 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Ninachokiona mitaani mpaka sasa ni mitungi, na mitungi inakuja kwa meli. Ningependa kuona soko la Mabibo, la Buguruni, la Temeke Stereo, kila moja likiwa na safu ya matenki ya wastani nyuma yake, yanayolishwa na mtu mmoja aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, na gesi inakwenda kwa mama lishe walewale wa sokoni. Si mtambo mmoja wa mabilioni wa kukatiwa utepe. Mtambo mkubwa unahitaji kulishwa malori, na malori huja yote siku moja, kama ndoo yangu.

Kazi ya kila siku ndiyo ngumu. Nimeona matenki matatu mjini yaliyogeuzwa kuwa ya kuhifadhia maji, na hakuna hata moja lililokuwa bovu. Mwenye nyumba alisafiri, au msichana wa kazi aliondoka, au watu walilishindilia sikukuu ya Idi wakalinyima wiki mbili zilizofuata. Shangazi husema analilisha baada ya kuku na kabla ya kuoga, asipofanya hivyo anahisi kuna kitu amesahau. Maji yanayotoka upande wa pili huyachukua kijana anayelima mchicha bondeni, na yeye hutuletea fungu moja moja.

Jumapili iliyopita nilipita kuchukua picha za makala hii, zikaharibika kwa mwanga. Nimenakili tu mstari wa mwisho wa daftari, kwa mwandiko wake: "Makopo 2, nanasi na ndizi. Karatasi 7. Dakika 52. Maharage hayakuiva, nimemalizia mkaa. Kesho niyaloweke usiku."